Swali la mama Bosi, na historia ya nyonga zinazohama kimya kimya

Najua nimepotea, wiki tatu bila kuandika kitu si kawaida yangu, na wawili watatu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha chuo au nimeoa. Sijaacha na sijaoa. Majaribio yalifuatana kama siafu, halafu bumu likachelewa, halafu likatokea hili ninalotaka kuwasimulia leo, ambalo limenikaa kichwani mpaka nimeona nisipoliandika sitasoma kitu kingine.

Kama mnavyojua nasoma tiba ya viungo, niko mwaka wa tatu. Mhadhiri wetu mmoja alitupa kazi: kila mtu aandike historia ya kitu kimoja alichokutana nacho kliniki wakati wa mafunzo kwa vitendo. Kurasa tano, akasema, na asione mtu anaanza na Wagiriki wa kale maana insha za namna hiyo anazo kabati zima. Wenzangu waliamua haraka, huyu magongo, yule plasta ya mifupa, mwingine kiti mwendo. Mimi nilikuwa sijaamua mpaka Alhamisi ile.

Alhamisi tulikuwa kliniki ya watoto. Akaingia mama mmoja na mtoto mgongoni, mtoto mkubwa tu, miaka saba, miguu inaning'inia mpaka magotini kwa mama yake. Nikamtambua kabla hata hajakaa. Alikuwa ni Bosi! Jina lake halisi naliacha, Bosi ndivyo mama yake anavyomwita, kwa sababu anasema toka azaliwe yeye ndiye anayepanga nyumba nzima ilale saa ngapi. Bosi ana mtindio wa ubongo. Hakai bila kushikiliwa, hatembei, haongei kwa maneno lakini anacheka kwa wakati wake kabisa, yaani ukisema kitu cha kijinga anakuangalia halafu anacheka. Nilimjua mwaka wa kwanza, nilipopelekwa kwenye kituo kimoja kwa wiki sita. Nilimnyoosha miguu kila Jumanne na Alhamisi. Nilijisikia mtaalamu kweli kweli.

Safari hii Bosi hakucheka. Kila mama yake alipojaribu kumtanua mapaja ambadilishe nepi alilia, na ni kilio ambacho mama alisema kimeanza kama miezi minane iliyopita. Daktari akaagiza picha ya eksirei ya nyonga. Picha ikarudi. Nyonga ya kushoto ilikuwa imetoka kabisa, kichwa cha mfupa wa paja kiko juu huko nje ya kikombe chake. Ya kulia karibu nusu iko nje.

Mama akaitazama ile picha muda mrefu. Halafu akamuuliza daktari, kwa upole tu, bila hasira:

"Samahani daktari, hii picha ilitakiwa ipigwe lini?"

Daktari akanyamaza kidogo, kisha akasema ukweli, "Mama, ya kwanza ilitakiwa akiwa na miaka miwili hivi. Halafu kila mwaka."

"Mbona hakuna aliyeniambia? Mimi kliniki sikosi."

Na ni kweli hakosi. Ana daftari lenye tarehe zote. Kwenye hilo daftari kuna saini yangu mara kumi na mbili.

Basi ndugu zangu, hapo ndipo nilipopata mada ya insha. Nilitaka kujua hilo swali la mama jibu lake ni nini hasa: ni lini dunia ilijua kwamba hiyo picha inatakiwa? Nakala niliyomkabidhi mhadhiri ni kavu kidogo. Hii hapa ni ileile lakini kwa lugha ya kibarazani.

Kwanza tuelewane kuhusu nyonga yenyewe

Kichwa cha mfupa wa paja ni duara, kimekaa ndani ya kikombe kilichoko kwenye mfupa wa nyonga. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa kawaida huzaliwa nyonga zake ziko sawa kama za mwenzake yeyote. Hili ni la kulishika, maana watu wengi, hata mimi zamani, hudhani mtoto "kazaliwa hivyo". Hapana. Kilichoumia ni ubongo, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na jeraha hilo la ubongo haliongezeki. Ila misuli inayopokea amri za ubongo huo hukakamaa, na ile ya ndani ya mapaja pamoja na ile inayokunja nyonga huvuta kuliko wenzao wa upande wa pili. Tena mtoto asiposimama na kutembea mfupa wake wa paja haupati ule uzito unaoutengeneza, shingo ya mfupa inabaki imenyooka na imegeukia mbele kama ya kichanga. Kidogo kidogo kichwa kinasogea nje. Kikombe nacho, kwa kukosa kitu cha kukikandamiza, kinakua kikiwa kifupi na bapa.

Tatizo kubwa ni kwamba mwanzoni hakuna dalili. Mtoto haumwi na mama haoni kitu. Hata fundi wa mazoezi anayemshika miguu kila wiki hawezi kujua kwa mikono yake, kwa sababu nyonga iliyohama theluthi moja inaweza kutanuka vizuri tu. Mpaka maumivu yanakuja, mpaka mtoto anashindwa kukaa sawasawa kwenye kiti na kumsafisha inakuwa kazi, nyonga imeshakwenda zamani.

Mzee Little na miguu iliyopinda

Kwa nchi za Ulaya habari hii huanzia London kwa daktari aitwaye William John Little, aliyezaliwa 1810. Yeye mwenyewe aliugua utotoni akabaki na mguu uliopinda. Alipokuwa daktari alisikia kuna Mjerumani mjini Hannover, Stromeyer, anayekata kano ya kisigino kwa tundu dogo kwenye ngozi, akamfuata, na mwaka 1836 akakatwa yeye mwenyewe. Mguu ukanyooka. Akarudi kwao na ujuzi huo na baadaye akaanzisha hospitali ya viungo.

Mwaka 1861 Little alisimama mbele ya chama cha madaktari wa uzazi cha London akawasomea maelezo ya watoto waliokakamaa miguu, akaeleza kwamba wengi wao walizaliwa kabla ya wakati, au kwa uchungu mgumu, au walichelewa kupumua. Hata akamtaja Richard wa Tatu wa kwenye tamthilia ya Shakespeare kuwa ni mfano wa mtu aliyezaliwa kabla ya wakati na kuharibika viungo. Kwa miaka mingi baadaye ugonjwa huu uliitwa kwa jina lake, ugonjwa wa Little.

Wakafuata wengine. William Osler, wakati huo yuko Philadelphia, aliandika kitabu mwaka 1889 chenye wagonjwa 151. Sigmund Freud, naam, yule yule wa ndoto, kabla ya mambo ya ndoto alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto, na mwaka 1897 akatoa kitabu kikubwa ambamo alimpinga Little kidogo: akasema huenda uchungu mgumu wenyewe ni dalili ya kitu kilichoharibika tangu tumboni. Ubishi huo uliendelea mpaka karne iliyofuata.

Sasa angalieni nilichokiona mie. Wote hawa walikuwa wanabishana kuhusu chanzo. Swali lilikuwa, imetokana na nini? Ni swali zuri, lakini kwa mtoto aliyekwisha kupata mtindio halimsaidii nyonga. Nyonga yenyewe ilikuwa bado haionekani, maana miale ya eksirei iligunduliwa na Röntgen mwaka 1895 tu.

Karne ya visu

Karne ya ishirini ikaja na picha, ikaja na visu. Huko Marekani kulikuwa na daktari wa mifupa, Winthrop Phelps, ambaye tangu miaka ya 1930 aliendesha kituo cha watoto hawa katika jimbo la Maryland, wakati ambapo wengi waliwahesabu kama watu wa kufungiwa ndani. Mwaka 1959 Phelps alichapisha makala yenye kichwa cha habari kinachozungumzia kuzuia kuchomoka kwa nyonga kwenye mtindio wa ubongo. Kuzuia! 1959! Nilipoliona hilo neno maktaba nilikaa nikalitazama. Nchi yetu ilikuwa haijapata hata uhuru.

Kwa hiyo wazo lilikuwepo. Kilichokosekana ni namna ya kujua nani azuiwe na lini. Matokeo yake ufundi ulikua upande wa kutengeneza kilichoharibika. Salter wa Toronto alieleza mwaka 1961 namna ya kuukata mfupa wa nyonga na kugeuza kikombe kimfunike mwenzake vizuri zaidi. Wiktor Dega wa Poland akachapisha namna yake mwaka 1969, ya kukata juu ya kikombe na kuinamisha paa lake chini, na hii hutumika sana kwa watoto hawa mpaka leo. Upande wa paja wakajifunza kuukata mfupa chini kidogo ya shingo, kuuelekeza upya na kuufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Ni kazi nzuri, zimewasaidia wengi. Lakini ni upasuaji mkubwa, damu inatoka, mtoto analala wiki kadhaa, na mara nyingi aliletwa pale alipoanza kulia. Yaani wakati wa Bosi.

Rula ya Reimers

Mwaka 1980 daktari wa Denmark aitwaye Reimers akafanya kitu ambacho ukikisikia unasema hivi tu? Alichukua picha ya nyonga iliyopigwa kwa mbele. Unachora mstari mmoja wa kulala unaopita katikati ya vikombe viwili. Unachora mwingine wa kusimama unaoshuka kutoka ukingo wa nje wa paa la kikombe. Halafu unapima: kichwa cha mfupa, asilimia ngapi imebaki nje ya mstari wa kusimama? Basi. Rula na penseli.

Sifuri maana yake kichwa chote kimefunikwa. Mia maana yake kimetoka chote. Ikizidi 33 hivi ni ya kuangaliwa kwa karibu, ikizidi 40 kwa kawaida haitarudi yenyewe.

Msidharau kitu hiki. Kabla yake daktari mmoja anasema "imesogea kidogo", mwingine anasema "mbona iko sawa". Baada yake mtu wa kijijini na profesa wa mjini wanaweza kupigiana simu na kusema 28, mwaka jana ilikuwa 19, na wote wakaelewana. Kinachotakiwa ni picha ipigwe vizuri, mtoto amelala chali, nyonga hazijapinda, magoti yameangalia juu. Ndiyo maana wenzetu wa chumba cha picha ni muhimu kuliko tunavyowapa heshima.

Watu wa Skåne wanaanza kuhesabu

Hapa sasa ndipo penyewe. Kusini mwa Sweden kuna majimbo mawili, Skåne na Blekinge. Mwaka 1994 madaktari na mafundi wa tiba ya viungo wa huko, wakiongozwa na daktari wa mifupa Gunnar Hägglund wa Lund, walianzisha daftari la watoto wote wenye mtindio wa ubongo katika eneo lao. Wote, hata wale ambao hawajaumwa. Lengo la kwanza lilikuwa moja tu, nyonga zisichomoke. Mtaalamu wa tiba ya viungo anampima mtoto mara mbili kwa mwaka mpaka afikishe miaka sita, kisha mara moja kwa mwaka. Anaandika viungo vinatanuka kiasi gani. Na picha zinapigwa kwa ratiba, hazingoji kilio.

Ratiba yenyewe inategemea mtoto anaweza nini, na hapo walisaidiwa na Wakanada. Mwaka 1997 Palisano na wenzake wa Hamilton, Ontario, walitoa ngazi tano za uwezo wa mtoto kujongea. Ngazi ya kwanza anatembea na kukimbia, ya pili anatembea lakini kwa vikwazo, ya tatu anahitaji magongo au fremu, ya nne anategemea zaidi kiti, ya tano hawezi kushikilia hata kichwa na kiwiliwili vizuri. Mwaka huohuo wa 1997 kule London, Scrutton na Baird walishauri kila mtoto mwenye mtindio wa pande zote mbili apigwe picha ya nyonga akiwa na miezi 30. Miezi thelathini, wadau. Miaka miwili na nusu.

Kwa Waswidi ikawa hivi: ngazi ya kwanza picha si lazima kama nyonga zinatanuka vizuri, ngazi ya pili picha akiwa na miaka miwili na akiwa na sita, ngazi ya tatu hadi ya tano picha mapema mara tu inaposhukiwa mtindio na kisha kila mwaka mpaka miaka minane, baada ya hapo kulingana na mtoto.

Sasa matokeo. Walichukua watoto 103 waliozaliwa 1990 na 1991, kabla ya mpango kuanza, wawe wa kulinganishia. Wakachukua 258 waliozaliwa 1992 hadi 1997. Mwaka 2005 wakatangaza: kundi la zamani asilimia 8 walichomoka nyonga, kundi la mpango nusu asilimia. Wakaongeza watoto 431 waliozaliwa 1998 hadi 2007 wakaendelea kuwafuata wote, na kufikia Januari 2014 hesabu ilikuwa hivi: kundi la zamani watoto 9 kati ya 103, kundi la mpango watoto 4 kati ya 689, na wawili kati ya hao wanne walikuwa dhaifu mno kupasuliwa. Na kila mtoto aliyechomoka nyonga, bila kubakiza hata mmoja, alikuwa na maumivu makali, angalau kwa vipindi.

Tusidanganyane, hawakufanya hivyo kwa mazoezi peke yake. Watoto 91 kati ya wale 689 walipasuliwa ili kuzuia, ni asilimia 13. Kisu kilikuwepo. Ila kilikuja mapema, wakati mwingine kikiwa kidogo zaidi, na kilikwenda kwa mtoto aliyekihitaji. Mpango huo baadaye ulienea Sweden nzima, na majirani zao wa kaskazini na Scotland nao wakauchukua.

Melbourne wanajibu swali la nani

Upande mwingine wa dunia, jimbo la Victoria, Australia, walifuatilia watoto 323 waliozaliwa 1990 hadi 1992 na kutangaza mwaka 2006. Theluthi moja na ushee, asilimia 35, nyonga zao zilihama kupita 30 ya rula ya Reimers. Lakini ukiwapanga kwa zile ngazi tano unapata ngazi inayopanda kweli: ngazi ya kwanza sifuri, ya pili asilimia 15, ya tatu 41, ya nne 69, ya tano 90.

Tisini! Bosi yuko ngazi ya tano. Kwa hiyo siku ile ninamnyoosha miguu Jumanne na Alhamisi, nikimwimbia na kumchekesha, ilikuwa tayari imeandikwa na kuchapishwa kwamba katika watoto kumi kama yeye, tisa nyonga zao zitahama. Na mimi sikuwa nimesoma. Na aliyenisimamia hakusema. Sitaki kumlaumu, huenda naye hakuambiwa.

Kuna jingine chungu kwetu sisi watu wa mazoezi. Kundi hilohilo la Melbourne likiongozwa na Kerr Graham lilijaribu sindano za kulegeza misuli pamoja na mkanda wa kutanua mapaja, kwa kuwagawa watoto kwa bahati nasibu, na mwaka 2008 wakasema faida ilikuwa ndogo, nyonga ziliendelea kuhama, hawawezi kupendekeza kama tiba ya kuzuia. Mimi sikusomea haya ili nisikie kwamba kunyoosha hakutoshi. Lakini ndivyo ilivyo. Kunyoosha, kumsimamisha kwenye fremu, kumkalisha vizuri, vyote vina kazi yake kwa mwili na raha ya mtoto, ila havichukui nafasi ya picha. Mwaka huohuo wa 2008 Waaustralia wakatoa mwongozo wa taifa wa kufuatilia nyonga, na wamekuwa wakiurekebisha tangu hapo.

Tiba yenyewe kwa ufupi

Nikiulizwa na mzazi leo nitasema hivi. Nyonga ikianza kuhama na mtoto bado mdogo, daktari anaweza kurefusha misuli ya ndani ya mapaja, ni upasuaji mdogo, wakati mwingine unatosha, na kwa walio ngazi za juu mara nyingi unanunua muda tu. Ikihama zaidi inakuja ile kazi ya mfupa wa paja, na kikombe kikiwa bapa kinainamishwa paa. Ikiwa imetoka siku nyingi na kichwa kimeharibika, kinachobaki ni upasuaji wa kupunguza maumivu tu, na nyonga hairudi kuwa nyonga. Kila ukichelewa unasogea kutoka wa kwanza kwenda wa mwisho. Na hata baada ya upasuaji picha zinaendelea, kwa sababu misuli haijasahau kuvuta.

Na sisi je?

Msiniambie haya ni ya Waswidi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa majirani zetu wa Uganda, eneo la Iganga na Mayuge, walikopita nyumba kwa nyumba kuangalia watoto zaidi ya 31,000. Walikuta karibu watatu kwa kila elfu moja wana mtindio wa ubongo. Na sababu nyingine ni zetu kabisa, wengine waliupata baada ya kuzaliwa, malaria kali ikiwemo. Kwa hiyo watoto wapo, kila kata wapo, hata kama wengine wamefichwa chumba cha nyuma na wengine wanabebwa mgongoni na mama ambaye mgongo wake nao una umri.

Najua kuna hospitali zisizo na mashine, na zenye mashine ambayo haina filamu, na nauli, na foleni. Najua madaktari wa kupasua nyonga za watoto ni wa kuhesabu. Hayo yote kweli. Lakini Bosi amekulia kilomita chache kutoka mashine inayofanya kazi, na mama yake hakukosa kliniki hata mara moja. Hakukosa mashine huyu. Alikosa mtu wa kumwandikia tarehe. Hiyo ndiyo iliyoniuma niliposoma historia hii yote: watu wa Skåne kitu walichowazidi wale waliotangulia ni daftari. Visu vilikuwepo tangu zamani, rula ilikuwepo tangu 1980. Wao walikubaliana tu kutongoja maumivu.

Kadi ya kliniki ya mtoto sisi tunaijua vizuri. Kila mama anajua chanjo ya surua ni lini, hata bibi kijijini anajua. Hakuna anayesubiri surua iingie ndio atafute chanjo. Nimejiuliza ingegharimu nini kuwa na mstari mmoja kwenye daftari la mtoto mwenye mtindio: ngazi yake ngapi, picha ya mwisho lini, asilimia ngapi kushoto, ngapi kulia, ijayo lini. Mistari mitano ya kalamu.

Ijumaa nilikwenda nyumbani kwao. Sikutumwa na mtu. Mama alikuwa anafua, akanikaribisha, akaniletea kigoda. Nikamwambia, "Mama, mimi nilikuwa namnyoosha Bosi kule kituoni. Nilitakiwa kukwambia kuhusu picha. Sikujua, lakini nilitakiwa kujua. Nisamehe."

Akaendelea kufua. Halafu akasema, "Wewe ulikuwa mtoto tu, mwanangu. Ulikuwa unamwimbia." Akakamua nguo, akaongeza, "Wapo wengine pale kituoni wadogo kuliko Bosi. Nenda kawaambie mama zao."

Bosi amepewa rufaa, mpasuaji anasema ya kulia inaokoleka na ya kushoto atajaribu. Tarehe bado. Nikipata habari nitawaandikia hapahapa.

Mimi na wenzangu watatu Jumamosi hii tunakwenda kituoni kupitia madaftari, mtoto mmoja mmoja, kuangalia ngazi zao na nani hajawahi kupigwa picha. Msimamizi amekubali, kasema tuje na kalamu zetu. Kama una mtoto, mdogo wako, au mtoto wa jirani mwenye mtindio wa ubongo asiyetembea mwenyewe, na hujawahi kusikia habari ya picha ya nyonga, muulize daktari ziara ijayo. Uliza tu, hata kama mtoto anacheka na haumwi popote. Hasa kama anacheka na haumwi popote.

Haya, mwenzangu wa chumba ananung'unika nizime taa, na kesho saa moja asubuhi nina kipindi. Alamsiki wadau, tuko pamoja.